Handaki la Mwembetanga

Walikuja watu wa maji Jumatatu asubuhi,
wakachimba toka mlangoni kwa Bi Zuwena wa vileja
mpaka kwenye kona, kwa Masoud Kidevu,
wakakuta bomba si lile walilolitaka,
wakafungasha sururu zao, wakaenda kula.
Hawakurudi.

Tulilaani. Mie wa mwanzo,
maana fundi cherahani ana mali gani
zaidi ya vumbi na malalamiko?
Tukaulizana: sasa gari zitapita wapi?
Gari hazikupita.

Siku ya tatu nikasikia kitu sikukijua.
Nikasimamisha mguu juu ya pedeli, nikatega sikio.
Kumbe ni kikuku cha jirani yangu Salha.
Miaka kumi na moja tumekaa ukuta kwa ukuta
na sikupata kukisikia kinavyolia
akipiga deki.

Siku ya tano nikatoa cherahani nje.
Si kwa ushujaa. Umeme ulikatika,
na ndani kiza kama tumbo la mtungi.
Nikaiweka katikati ya njia, juu ya lami,
pale pale pikipiki ilipomvunja nyonga
mwanawe Tatu Kombo.
Nikaitia mafuta. Nikashona.
Suruali ya skuli, pindo mbili,
nimekaa mahali ambapo juma lililopita
ningelikufa.

Basi Salha akatoka na ukili wake.
Vuai akaburura meza ya redio mbovu,
nyaya zinamfuata kama vifaranga.
Baraza ya Bi Zuwena, iliyokwishatafunwa pembe na matairi,
ikapakwa chokaa, ikakaliwa.
Na yule Shaame, aliyekuwa akijifunza udi chooni kwa haya,
akapanda juu ya kifusi.
Makosa yake sasa twayajua sote;
akikosea pale pa jana, mtaa mzima waguna.

Watoto waliiba chaki skuli.
Wakachora papa mwenye miguu,
wakachora nyumba yenye milango minane na mapaa hamna.
Mayasa akachora gari,
akalizungushia kitanda, na mto, na shuka ya maua,
akasema: limelala, msiliamshe.

Sisemi ilikuwa pepo.
Masoud alibeba saruji yake kwa rukwama
na kila mfuko aliutaja mama wa mtu.
Na usiku Ghanima aliposhikwa na uchungu
tulimbeba kitandani mpaka Mlandege, wanaume sita,
mie nimeshika karabai mbele, naisikia miguno yake nyuma.
Usiku ule nililitukana handaki
kwa matusi ambayo sijayarudia.
Mtoto kaitwa Nassor.
Mtaani tunamwita Handaki.

Tuliandika barua kwa watu wa manispaa:
njia ya mgonjwa iwepo, upana wa kitanda na watu wawili,
zilobaki tuachieni.
Vuai aliipeleka mwenyewe, kavaa kanzu ya Idi.
Wakampa karatasi yenye muhuri
kwamba karatasi yetu imepokelewa.

Siku ya arubaini na moja wakarudi wale wa maji.
Hawakusema kitu. Wakafukia, wakashindilia,
wakamwaga lami nyeusi, mpya, inanuka,
ikalifunika gari la Mayasa na shuka yake.

Asubuhi nikatoka, nikaiweka cherahani pale pale.
Miguu yake ikazama kidogo kwenye lami mbichi.
Nikatoa na stuli.

Haikufika saa mbili, honi.
Nikainua mkono: ngoja.
Mkono wa kanzu uko nusu, sindano imo ndani ya kitambaa,
na mie siukati uzi katikati ya mshono
kwa ajili ya mtu anayekwenda sokoni.
Honi tena.
Mayasa akatoka mlangoni, kidole mdomoni: shhh.

Dereva akashuka, kakunja uso.
Kifungo cha shati lake, cha pili kutoka juu,
kinaning'inia kwa uzi mmoja.
Nikamwonesha stuli.
Akatazama gari lake. Akatazama kifungo.
Akakaa.

Nyuma yake zinalia honi nyengine mbili,
na stuli ninazo tatu.